Usiku Usio na Pumziko: Maumivu Sugu na Kukosa Usingizi kwa Wanawake Wenye Maltipo Sklerosisi

Somo hili linawahusu watoa huduma za afya wa zahanati, vituo vya afya na hospitali, hususan wale wanaofanya kazi Tukuyu na vijiji vya Wilaya ya Rungwe, pamoja na wagonjwa na familia zao. Lengo lake ni kuonyesha kwamba maumivu sugu na kukosa usingizi, kwa mwanamke mwenye ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ni matatizo mawili yanayolishana. Anayetibu moja bila kuuliza la pili huiacha kazi nusu.

Mgonjwa wa mfano

Mfano ufuatao umeunganishwa kutokana na visa vya aina moja. Haumwelezi mtu yeyote mahususi.

Mama wa miaka 34, mchuma chai na mkulima wa ndizi, anaishi katika kijiji kilicho chini ya Mlima Rungwe. Miaka minne iliyopita jicho lake la kushoto liliuma, likafifia kwa majuma matatu, kisha likapona lenyewe. Miezi miwili baada ya kujifungua mtoto wake wa tatu, miguu ilipata ganzi hadi kiunoni. Aliambiwa kuwa ni uchovu wa uzazi. Ganzi ilipungua, lakini haikuisha.

Sasa nyayo zake huwaka kila usiku kana kwamba zimepakwa pilipili. Ifikapo saa 8 usiku misuli ya mapaja hukakamaa hadi magoti yanajikunja yenyewe. Huamka mara nne kwenda kukojoa, na choo kipo nje, ng'ambo ya uwanja wenye utelezi. Mchana husinzia akiwa ameshika kikapu cha chai. Mama mkwe anasema ni mvivu. Mume amehamia chumba kingine ili apate kulala. Mama huyu ametibiwa malaria, homa ya matumbo na minyoo, amekwenda kwa mganga, na amechomwa sindano za diklofenaki asizozikumbuka idadi.

Hatimaye alipewa rufaa, akapigwa picha ya MRI, na ugonjwa ukajulikana. Katika safari hiyo yote kila aliyemhudumia alimwuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Hakuna aliyemwuliza, "Mama, usiku unalalaje?"

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Mishipa ya fahamu iliyo katika ubongo na ugwe mgongo imefunikwa na ala ya mafuta iitwayo mayelini. Kazi ya ala hiyo inafanana na ya plastiki inayofunika waya wa umeme: huwezesha ujumbe kupita upesi na bila kupotea njiani. Katika maltipo sklerosisi, kinga ya mwili huishambulia ala hiyo, na mahali palipoharibiwa hubaki kovu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1868, akautambulisha kwa makovu hayo. Kwa kuwa kovu laweza kutokea popote katika ubongo au ugwe mgongo, dalili hutofautiana: kufifia kwa jicho moja, ganzi, udhaifu wa miguu, kizunguzungu, shida ya mkojo, uchovu mkubwa na maumivu.

Takwimu za kimataifa za mwaka 2023 zinakadiria kuwa watu milioni 2.9 wanaishi na ugonjwa huu. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na dalili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 20 na 40, yaani wakati wa kuzaa, kulea na kulima. Ugonjwa huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Tukuyu, iliyo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, imo katika ukanda ambamo ugonjwa huu ni adimu.

Uadimu huo ndio unaomponza mgonjwa. Mtoa huduma asiyetarajia kuuona ugonjwa hauoni hata ukikaa mbele yake. Tena mafunzo ya somo hili hayaishii kwa wagonjwa hawa wachache. Mwanamke aliyeumia ugwe mgongo, aliyepata kifua kikuu cha uti wa mgongo, au mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, hupitia usiku unaofanana na huu.

Familia zinapaswa kuambiwa waziwazi kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kulala, kula wala kuishi pamoja, na si adhabu ya mtu yeyote. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofuatilia kumbukumbu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani. Ulionyesha kwamba maambukizi ya kirusi cha Epstein-Barr hutangulia ugonjwa huu. Hata hivyo karibu kila mtu mzima duniani amewahi kuambukizwa kirusi hicho, na wengi mno hawaugui kamwe. Ni lazima sababu nyingine ziungane nacho.

Maumivu yana sura nyingi

Takriban theluthi mbili ya watu wenye maltipo sklerosisi hupata maumivu. Kosa kubwa ni kuyaita yote kwa jina moja na kuyapa dawa moja. Tuyatenganishe.

Kwanza, maumivu ya mishipa ya fahamu yenyewe. Mgonjwa husema miguu inawaka, inachomachoma, au inatembewa na sisimizi. Hayana jeraha wala uvimbe, na huzidi usiku wakati mwili umetulia na hakuna kazi ya kuisahaulisha akili.

Pili, maumivu ya ghafla kama shoti ya umeme. Yakipita usoni wakati wa kutafuna au kunawa, ni ya mshipa wa fahamu wa uso. Yakishuka mgongoni mgonjwa anapoinamisha shingo, hudokeza kovu kwenye ugwe mgongo wa shingoni.

Tatu, kubanwa kifua au tumbo kama kwa mkanda uliokazwa. Dalili hii humtisha mgonjwa akidhani ni moyo. Ichunguzwe kwa makini kabla ya kuhusishwa na ugonjwa huu.

Nne, mkakamao na mikazo ya misuli, hasa ya miguu, ambayo humwamsha mgonjwa usiku.

Tano, maumivu ya mgongo, nyonga na magoti yatokanayo na kutembea kwa kuegemea upande mmoja, au kubeba mzigo kwa mwili uliodhoofika.

Diklofenaki na dawa za jamii yake zaweza kusaidia aina ya tano kwa muda mfupi. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu hazifai. Zikitumiwa mfululizo huharibu tumbo na figo, na maumivu hubaki palepale.

Wezi wa usingizi

Kukosa usingizi nako kuna sababu nyingi, na mara nyingi mgonjwa mmoja huwa nazo kadhaa kwa pamoja: maumivu yenyewe, mikazo ya misuli, na mkojo wa mara kwa mara. Mbali na hizo, zipo nne ambazo husahauliwa.

Ya kwanza ni miguu isiyotulia. Mgonjwa hupata hamu isiyozuilika ya kuisogeza miguu anapolala. Akiinuka na kutembea hupata nafuu, akirudi kitandani hali hurudi. Tatizo hili huwapata watu wenye maltipo sklerosisi mara nyingi kuliko wengine, na upungufu wa madini ya chuma huliongeza. Mwanamke anayezaa, anayepata hedhi nyingi, na anayekula chakula chenye chuma kidogo yumo hatarini zaidi. Hapa desturi ya Rungwe inahitaji kutazamwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani. Ikinywewa jioni, kafeini yake huchelewesha usingizi. Si lazima mkulima wa chai aiache chai yake. Inatosha ainywe asubuhi, saa moja au zaidi mbali na mlo.

Ya pili ni kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Mwulize anayelala naye, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajisikii.

Ya tatu ni huzuni na hofu. Anayeamka alfajiri akiwaza kwamba ni afadhali asingeamka anahitaji kuulizwa moja kwa moja kama amefikiri kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humfungulia mlango wa kusema.

Ya nne ni dawa. Prednisoloni ikimezwa jioni hukesha na mgonjwa, inywewe asubuhi. Amitriptilini, ambayo husaidia maumivu ya mishipa ya fahamu, yaweza kuzidisha miguu isiyotulia.

Mduara

Maumivu humzuia mgonjwa kulala. Ubongo uliokosa usingizi nao hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuzima ujumbe wa maumivu, hivyo kidonda kilekile huuma zaidi kesho yake. Mgonjwa aliyechoka husinzia mchana, na usingizi wa mchana humnyima wa usiku. Hupunguza kutembea, misuli hukakamaa zaidi, na usiku unaofuata huwa mbaya kuliko uliopita. Familia huona uvivu mahali penye ugonjwa.

Habari njema ni kwamba mduara waweza kukatwa popote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kladribini, glatirama na rituksimabu katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya maltipo sklerosisi. Dawa hizo hupunguza mashambulizi mapya, lakini ni ghali na hazipatikani kila mahali. Tena hazifuti makovu yaliyokwisha kutokea. Mambo mengi yanayoweza kuurudisha usingizi, kwa upande wake, yamo ndani ya uwezo wa hospitali ya wilaya, na mengine ya zahanati. Hata asiye na dawa ya kuuzuia ugonjwa aweza kumpa mgonjwa usiku ulio bora.

Maswali saba ya usiku

Mtoa huduma amwulize kila mgonjwa mwenye maumivu sugu, kwa faragha na bila haraka:

1. Unapanda kitandani saa ngapi, na unapata usingizi baada ya muda gani?
2. Unaamka mara ngapi, na kila mara ni nini kinachokuamsha: maumivu, mkazo, mkojo, mtoto au mawazo?
3. Maumivu ya usiku yakoje: yanawaka, yanapiga kama umeme, au yanabana?
4. Je, miguu inataka kusogezwa, na ukitembea unapata nafuu?
5. Je, unakoroma au umeambiwa kuwa pumzi hukatika?
6. Unakunywa nini na dawa gani baada ya saa 10 jioni?
7. Mchana unalala kwa muda gani, na moyo wako ukoje siku hizi?

Maswali haya huchukua dakika tano. Mgonjwa asiyejua kuandika aweza kuweka punje ya mahindi kwenye kikombe kila anapoamka. Asubuhi huzihesabu na kumwambia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Majuma mawili ya hesabu hiyo hueleza mengi kuliko kumbukumbu.

Matibabu kwa utaratibu

Ondoa kwanza kinachoondoleka. Pima mkojo, kwa kuwa maambukizi huzidisha mikazo, maumivu na safari za chooni. Pima wingi wa damu, na ikiwezekana akiba ya chuma. Tibu kufunga choo na vidonda vya mgandamizo, maana navyo huchochea mikazo.

Kwa maumivu ya kuwaka, amitriptilini miligramu 10 saa moja au mbili kabla ya kulala ni mwanzo mzuri. Huongezwa polepole hadi 25 au zaidi kadiri mgonjwa anavyostahimili. Iepukwe au itumiwe kwa tahadhari kubwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya jicho au anayeshindwa kumaliza mkojo. Asiyeivumilia, au mwenye miguu isiyotulia, afikiriwe gabapentini miligramu 300 usiku, kwa kuzingatia hali ya figo.

Kwa maumivu ya uso kama umeme, kabamazepini miligramu 100 mara mbili kwa siku ndiyo ya kuanzia. Mwanamke aulizwe mambo mawili kabla ya kuianza. La kwanza ni uzazi wa mpango: dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi, na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. La pili ni ARV: anayetumia dolutegravi huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Upele ukitokea, aache dawa na arudi hospitali mara moja.

Kwa mikazo ya misuli, kunyoosha miguu kwa dakika kumi kabla ya kulala, kwa msaada wa ndugu, hutangulia dawa. Baklofeni huanza na miligramu 5 mara tatu kwa siku, dozi moja ikiwa ya kulalia. Izidishwapo kupita kiasi, miguu hulegea na mgonjwa huanguka. Isikatishwe ghafla kamwe, kwani kukatisha huweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Mgonjwa wa kijijini apewe dawa ya kumtosha hadi siku ya kurudi kliniki, hasa msimu wa mvua.

Diazepamu isiwe dawa ya kukosa usingizi kwa miezi. Mwili huizoea, mgonjwa huanguka usiku, na mwenye kukatika pumzi huhatarishwa.

Kuujenga usingizi upya

Tiba bora ya muda mrefu ya kukosa usingizi ni kuibadili tabia ya kulala. Mgonjwa aamke saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kitanda kiwe cha kulala na cha faragha ya wanandoa, kisiwe mahali pa kukaa mchana. Usingizi usipokuja kwa dakika ishirini hivi, aketi pembeni amejifunika blanketi, ajishughulishe na jambo tulivu, arudi usingizi unapokuja. Asiye imara miguuni asitembee gizani. Aketi palepale kitandani. Mchana apumzike mara moja, isizidi nusu saa, kabla ya saa 9 alasiri.

Kuhusu mkojo, anywe maji ya kutosha mchana na apunguze baada ya saa 12 jioni. Ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda si aibu. Humwepusha na utelezi na mvua. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini.

Baridi ya nyanda za juu ina pande mbili. Joto kali hudhoofisha kwa muda mishipa iliyopoteza mayelini, jambo ambalo Wilhelm Uhthoff alilieleza mwaka 1890. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyezoea Tukuyu aweza kulegea akishuka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Akipumzika mahali penye ubaridi, nguvu hurejea. Baridi nayo hukaza misuli. Soksi na blanketi vinafaa. Chupa ya maji ya moto isiwekwe kwenye mguu wenye ganzi, kwa maana utaungua bila mwenyewe kuhisi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku: hewa yake huua familia nzima usingizini.

Mambo ya mwanamke

Mimba si marufuku kwa mwenye ugonjwa huu. Mashambulizi hupungua katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kisha huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Kipindi hicho ndicho mama anachoamka usiku kunyonyesha. Kliniki ya baada ya kujifungua ndipo mahali pa kumwuliza kuhusu ganzi, macho na usingizi, na pa kuieleza familia kwamba mtu mwingine anapaswa kumbeba mtoto kati ya nyonyo mbili ili mama alale mfululizo.

Wakati wa kutoa rufaa

Peleka mapema Hospitali ya Wilaya ya Makandana iliyopo Tukuyu, na kutoka huko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, mgonjwa mwenye: kufifia kwa jicho kwa siku chache pamoja na maumivu, ganzi au udhaifu unaopanda kutoka miguuni, kushindwa kukojoa, au dalili zilizokuja, zikaisha, kisha zikatokea mahali pengine. Kabla ya kusema ni maltipo sklerosisi, lazima yachunguzwe magonjwa yaliyo ya kawaida kwetu: VVU, kaswende, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, na tegu ya nguruwe iliyoingia kwenye ubongo. Upo pia ugonjwa ndugu, nyuromaelitisi optika, ambao huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu na hushambulia macho na ugwe mgongo kwa ukali. Kuutofautisha ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi, kama interferoni beta, huuzidisha.

Kumrudia mama yetu

Mgonjwa wetu wa mfano alipoulizwa maswali saba, ilibainika kuwa alikuwa na maambukizi ya mkojo, upungufu wa damu, vikombe vitatu vya chai kila jioni, na prednisoloni iliyomezwa usiku. Alitibiwa mkojo, akapewa vidonge vya chuma, prednisoloni ikahamishiwa asubuhi, chai ikahama na vidonge, diklofenaki ikaachwa. Miguu yake ilikuwa isiyotulia, kwa hiyo alianzishiwa gabapentini badala ya amitriptilini. Mume aliitwa kliniki, akaelezwa, akajifunza kuinyoosha miguu ya mkewe kabla ya kulala.

Baada ya miezi miwili punje kikombeni zilipungua kutoka sita hadi mbili. Nyayo bado zinawaka, lakini anasema sasa ni moto wa majivu. Hasinzii tena shambani, na mume amerudi chumbani. Ugonjwa haujapona, nyumba imepona kidogo.

Ewe mtoa huduma, kesho atakapokuja mwanamke anayesema mwili wote unamuuma, usikimbilie sindano. Mkaribishe kiti, kisha mwulize usiku wake ulikuwaje. Nawe mama unayesoma haya, usingoje kuulizwa: sema.